Mcheza Kwao Hutunzwa: Hoja Juu ya Ngoma na Mashine

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaifundisha madarasani mwaka nenda mwaka rudi. Wanafunzi huieleza katika mitihani, nasi walimu huwapa alama. Lakini mwenye macho akitoka nje ya darasa ataona kwamba methali hii imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Vijana wetu wachezao kwao hutunzwa ugenini, na huku kwao hukemewa. Makala haya yanakusudia kutetea jambo moja, nalo ni hili: kwamba muziki wa kucheza utengenezwao kwa mashine za umeme na kompyuta, unapojengwa juu ya ngoma zetu, ni sehemu halali ya utamaduni wa taifa, na kwamba wale wanaoutenga, tukiwamo sisi wenyewe hadi juzi, huutenga kwa kasumba huku wakijidai kuwa wanazipenda mila.

Twasema "tukiwamo sisi wenyewe" kwa makusudi. Kabla ya kuwashtaki wengine yatupasa tujishtaki.

Miaka michache iliyopita tulialikwa kuwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya ngoma baina ya shule za sekondari, katika uwanja mmoja hapa Mwanza. Kundi lililoshinda lilicheza bugobogobo, ile ngoma mashuhuri ya majembe ya Wasukuma. Wachezaji walivaa sare nzuri, wakarusha majembe juu na kuyadaka kwa ustadi. Majembe yenyewe yalikuwa ya mbao nyepesi, yamepakwa rangi ya fedha. Hayakupata kugusa udongo hata siku moja, na wengi wa wale walioyashika hawakupata kulima tuta. Tuliwapa alama za juu, tukaandika katika karatasi zetu: "Wamehifadhi asili."

Kundi jingine lilikuwa la vijana sita wenye ngoma mbili na kompyuta moja kuukuu. Kwa muda wa wiki kadhaa walikuwa wakizunguka na simu wakinasa sauti: mlio wa jembe la chuma likigonga jiwe katika shamba la bibi ya mmoja wao, mngurumo wa injini ya mtumbwi ikiwashwa alfajiri, dagaa wakavu wakimiminwa guniani pale Mwaloni, Kirumba, na ngoma ya mzee mmoja wa kijijini, aliyewaruhusu kwa sharti kwamba jina lake litajwe kabla ya muziki kuanza. Wakalitaja. Kisha zikaja sauti zile, zimekatwakatwa na kupangwa upya, na chini yake besi nzito ya mtindo uitwao dabustepu, besi inayojikokota na kutetemesha kifua. Halafu mapigo ya tekno yakashika mwendo, hayakatiki, na wawili kati ya vijana wale wakaanza kupiga ngoma za ngozi juu ya mapigo hayo. Watoto waliokuwa wamekaa juu ya majabali nyuma ya uwanja waliteremka wote. Wauza karanga waliacha biashara. Kwa kipimo cha Wasukuma wa zamani kundi lile lilikuwa limekwisha shinda, nasi tutaeleza hapa chini kwa nini.

Sisi tuliliondoa katika mashindano. Tulisema limetumia chombo cha umeme. Kipaza sauti tulichokitumia kutangaza uamuzi huo kilikuwa cha umeme pia, lakini hakuna aliyelifikiri hilo.

Baada ya matokeo kutangazwa, mmoja wa vijana wale alitujia kwa adabu. Akasema: "Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza. Jembe lilianza kuwa la asili mwaka gani?" Tuliitikia marahaba, na baada ya marahaba hatukuwa na neno. Makala haya ndiyo jibu ambalo tulipaswa kumpa siku ile.

Tuanze na hoja ya kwanza ya wapinzani, kwamba mashine ni ya kigeni na kwa hiyo muziki wake ni wa kigeni. Hoja hii ina sura ya uzalendo, lakini ndani yake mna ujinga wa historia.

Tekno haikuzaliwa katika kasri za Ulaya. Ilizaliwa katika miaka ya 1980 mjini Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari, na wazazi wake ni vijana weusi. Majina ya watatu miongoni mwao yanajulikana dunia nzima: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mashine za mapigo walizozitumia, kama ile Roland TR-808 iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1980, hazikuwa zimepata soko kubwa. Wanamuziki wengi walizidharau kwa kuwa hazikutoa sauti kama ya ngoma halisi, na kwa sababu hiyo ziliuzwa kwa bei ambayo mtoto wa mfanyakazi aliweza kuimudu. Dabustepu nayo ilizaliwa kusini mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, na asili yake inarudi nyuma hadi Jamaika, kwenye muziki uitwao dabu, ambao katika miaka ya 1970 ulijengwa na mafundi kama King Tubby wa Kingston. Huyu alikuwa fundi wa redio. Alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti za waimbaji, akaacha ngoma na besi, akaziongezea mwangwi. Kwa hiyo mashine hizi tunazoziita za Wazungu zilifundishwa kuimba na wajukuu wa watu waliochukuliwa kutoka bara hili kwa minyororo. Mtu akisema kwamba muziki huo hauwezi kurudi Afrika ni kama mtu anayemfungia mlango ndugu yake kwa sababu amerudi amevaa koti.

Tena, ni chombo gani katika muziki tunaojivunia ambacho hakikupata kuwa kigeni? Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Leo taarabu ni fahari yetu, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905 tunakitaja kama urithi. Ngoma ya beni ilianza pwani kwa kuiga bendi za tarumbeta za askari, ikaenea hadi bara, na wazee wa wakati ule waliilalamikia sana. Gitaa la umeme nalo lilitoka kwa babu yupi? Hata hivyo, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, mwaka 1970 kuliwakilisha taifa katika maonyesho makubwa ya dunia, walikwenda na magitaa ya umeme, wala hakuna aliyesema kwamba Tanzania imewakilishwa na waya. Kama waya wa gitaa ni wa taifa, waya wa kompyuta umekosa nini?

Wapinzani wetu hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere. Husema, na ni kweli, kwamba tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wengi walijifunza dansi za Ulaya na kusahau ngoma za kwao. Lakini huishia hapo. Katika hotuba ile ile Mwalimu alionya kwamba kufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kukataa tamaduni za wengine, na alilieleza kwa maneno makali sana taifa lisilotaka kujifunza kutoka kwa wengine. Anayenukuu nusu ya hotuba hamheshimu msemaji, anamtumia.

Hoja ya pili ni kwamba muziki huu ni kelele tupu, hauna ujumbe. Na hapa huletwa methali: ngoma ikilia sana hupasuka.

Tutazame mifano miwili, mmoja wa Dar es Salaam na mwingine wa ng'ambo ya Ziwa letu. Katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, vijana wasio na mtaji walichukua mchiriku, ambao nao ulitokana na ngoma za Wazaramo ukapigwa kwa vinanda vidogo vya umeme, wakachanganya vipande vya taarabu, wakaongeza kasi kwa kompyuta, wakapata singeli. Nyimbo zake nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, na baadhi hukaribia 300. Mwaka 2017 mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliotokana na studio moja ya Mburahati, ulitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na singeli ikasikika duniani. Mwaka 2019 zilifuata albamu za Jay Mitta na Duke. Ya kwanza inaitwa Tatizo Pesa. Ya pili inaitwa Uingizaji Hewa. Aliyepata kulala watu saba katika chumba kimoja chenye dirisha moja hahitaji kufafanuliwa ujumbe wa majina hayo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi kwa jiografia. Mjini Kampala, wapiga ngoma wa kikundi cha Nilotika waliungana na Waingereza wawili wenye mashine, wakaunda kundi liitwalo Nihiloxica. Mwezi Juni 2020 walitoa albamu yao Kaloli. Humo ngoma za Buganda, zile za familia ya engalabi, empuunyi na namunjoloba, zinapigwa kwa mikono na kwa fimbo, na mashine zinazifuata kwa sauti za tekno iliyo nzito na ya giza. Hakuna maneno mengi ndani yake. Lakini sikilizeni majina. Kaloli ni jina la Kiganda la yule korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, alaye mizoga na takataka, ambaye watu wa Mwanza wanamfahamu vizuri kwa kuwa husimama katika majaa yetu kama mzee wa baraza. Kipande kimoja kinaitwa Tewali Sukali, yaani hakuna sukari. Kingine kinaitwa Black Kaveera, yaani mfuko mweusi wa plastiki. Kingine ni Salongo, jina la heshima la baba wa mapacha. Kingine ni Bwola, ngoma ya kifalme ya Waacholi. Hapo pana mji mzima wa kando ya Ziwa: jaa lake, duka lake lisilo na sukari, heshima zake na wafalme wake. Yule asemaye kwamba ngoma bila maneno haina ujumbe, basi aseme pia kwamba ngoma ya msiba haisemi kitu mpaka ipate mfasiri.

Kuhusu ngoma iliayo sana, twakubali kwamba hupasuka. Lakini methali hiyo yasemwa juu ya ngoma ya ngozi, na mpigaji hodari hujua namna ya kuiwamba upya.

Hoja ya tatu ni kwamba muziki huu unawapotosha vijana. Hii ni hoja nzito, nasi hatutaidharau. Ni kweli kwamba katika baadhi ya mikesha ya mitaani iitwayo vigodoro yamepata kutokea matendo ya aibu, na ni wajibu wa wazazi na serikali za mitaa kuwalinda watoto usiku. Lakini tutofautishe mahali na muziki. Mtoto akionekana saa nane za usiku katika mkesha wa ulevi, kosa si la kasi ya mapigo.

Tukumbuke pia kwamba njia ya marufuku tumekwisha ijaribu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, ianze kutekelezwa Januari 1969. Na mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Nia ya viongozi haikuwa mbaya: taifa lilikuwa changa, nao waliogopa limezwe. Lakini je, marufuku ile ilizaa ngoma mpya hata moja? Vijana hawakuacha kucheza, waliacha kusikiliza. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kuzuia tamasha la Nyege Nyege linalofanyika Jinja, mahali Mto Nile unapoanza safari kutoka Ziwa letu. Siku chache baadaye serikali ikaruhusu liendelee. Kelele nyingi zilitokana na jina, ambalo kwa Kiswahili mwalimu hawezi kulitamka mbele ya darasa, ingawa waandaaji walilitoa katika Kiganda, ambako latumika kwa hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Tungekuwa na utaratibu wa kusikiliza kabla ya kuhukumu, tusingepigana na kamusi.

Hoja ya nne ndiyo mama wa hoja zote: kwamba kuchanganya ngoma na mashine ni kuiua mila. Hapa tunawaomba wasomaji wetu waje nasi Kisesa, mwendo mfupi mashariki ya mji wa Mwanza, mpaka Bujora.

Bujora ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, katika miaka ya 1950. Wakati ambapo wamisionari wengi waliziona ngoma kuwa kazi ya shetani, yeye alizikaribisha hata ndani ya ibada, na kanisa likajengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, hufanyika Bulabo, mashindano makubwa ya ngoma. Hapo hukutana pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo kwa masimulizi ya wazee zilianzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Na sheria ya mashindano ni ipi? Pande mbili hucheza wakati mmoja, kila moja mahali pake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Upande uliovuta umati mkubwa ndio mshindi. Hakuna mwamuzi mwenye karatasi.

Sasa fikirini maana ya sheria hiyo. Ikiwa mshindi ni yule anayevuta umati kutoka kwa mwenzake, basi kila msimu yampasa aje na jambo jipya. Ndiyo maana Wasukuma walileta uwanjani chatu, wakaleta fisi na nungunungu, wakachonga vikaragosi vya mbao vinavyochezeshwa, wakatunga nyimbo mpya juu ya habari mpya, na kila upande ukatafuta dawa ya kuushinda ule mwingine. Upya kwa Wasukuma hauingilii mila kutoka nje. Upya ndiyo mila yenyewe. Anayesema "chezeni kama walivyocheza babu zenu, msiongeze kitu" anawaagiza vijana wafanye jambo ambalo babu zao hawakulifanya hata siku moja. Na kwa sheria hiyo ya Bagika na Bagalu, vijana wale sita walioteremsha watoto kutoka juu ya majabali walikuwa washindi, na sisi waamuzi ndio tuliokuwa wageni wa mila.

Tutazame na Ziwa lenyewe. Usiku usio na mbalamwezi, anayesimama juu ya vilima vya Mwanza huona mji wa pili majini: ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Wavuvi walibadili taa kwa sababu mafuta yalipanda bei na upepo ulizima karabai. Je, kuna mama yeyote katika soko la Mwaloni aliyekataa dagaa kwa kuwa walivuliwa kwa taa isiyo ya asili? Na katikati ya mji tunao mtaa uitwao Makoroboi, uliopata jina lake kutokana na mafundi waliochukua makopo yaliyotupwa wakayageuza kuwa taa. Kijana anayechukua sauti zilizotupwa akazigeuza kuwa muziki ni fundi wa koroboi. Tofauti ni malighafi tu.

Mpaka hapa tumewajibu wanaoukataa muziki huu. Lakini tusingetenda haki kama tungewasifu vijana na wafadhili wao bila kuwauliza maswali. Mwenye kutetea hana budi pia kukemea.

Kwa vijana twasema hivi: mashine haipigi ngoma, hupiga kile alichokijua mwenye mashine. Wako wengi wanaofungua kompyuta, wakachukua mapigo yaliyokwisha kupikwa na kampuni za ng'ambo, wakabandika juu yake kilio kimoja cha ngoma walichokiokota kwenye intaneti, wasijue ni ya kabila gani wala hupigwa katika harusi au matanga, kisha wakajiita wabunifu. Huko ni kupamba. Vijana wale sita walifanya kazi tofauti: walikwenda shambani, wakaenda mwaloni, wakaomba ruhusa kwa mzee, wakalitaja jina lake. Kazi ilianza miguuni kabla ya kufika katika kompyuta.

Kwa taifa twasema jambo lililo zito zaidi. Albamu ya Kaloli ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2012 albamu ya Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam. Singeli ilitangazwa duniani na kampuni ya Kampala iliyoanzishwa na wageni kutoka Ulaya. Hatusemi kwamba watu hawa ni wezi. Walisikiliza wakati sisi tulikuwa tumeziba masikio, na anayesikiliza wa kwanza hupata wa kwanza. Lakini inauma kwamba ngoma ya Mburahati yabidi ipite Kampala na Brussels ndipo ikubaliwe Oysterbay. Tulipouza pamba mbichi na kununua shati tulijua kwamba huo ni unyonge wa uchumi. Kwa nini hatuoni unyonge huo huo tunapouza mlio mbichi na kununua sifa?

Na huu si mwanzo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na vyombo vyake akirekodi nyimbo na ngoma, zikiwamo za Usukuma. Alifanya kazi njema, na bila yeye sauti nyingi zingepotea. Lakini hazina yake imehifadhiwa Afrika Kusini. Mwanafunzi wa Magu au Kwimba akitaka kusikia jinsi wazee wa babu yake walivyoimba, yambidi abishe hodi nchi nyingine. Wazee waliobaki leo, wenye nyimbo za kilimo, wenye wigashe, ngoma ile ichezwayo watu wameketi, wanakufa kila mwaka na kuzikwa na nyimbo zao. Huko ndiko kufa kwa mila. Haiuawi na kompyuta ya mtoto. Inauawa na ukimya wetu tulio na simu mfukoni na tusimrekodi mzee hata mmoja.

Basi tufanye nini? Maneno matupu hayavunji mfupa, nasi tunatoa mapendekezo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza lawahusu waandaaji wa mashindano ya shule. Wafungue fungu la ngoma zilizobuniwa upya, ambamo chombo chochote chaweza kutumika, kwa sharti kwamba kundi lieleze ngoma iliyo msingi wake ni ipi, imetoka wapi, na nani aliyewafundisha. Fungu la ngoma za jadi libaki, na humo tuwe wakali zaidi kuliko tulivyo sasa: asiyejua ngoma yake hupigwa lini na kwa nini asipate alama kwa sababu ya sare nzuri. Na angalau mara moja kwa mwaka tushindane kwa sheria ya Bagika na Bagalu, waamuzi wakae pembeni, umati uamue.

La pili lawahusu walimu. Mkoa huu una Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimejulikana kwa miaka mingi kwa mafunzo ya sanaa. Kila mwalimu atokaye pale, na kila mwalimu wa Kiswahili na historia, aweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya likizo: mrekodi mzee mmoja, andika jina lake, kijiji chake, jina la ngoma na maana ya maneno. Shule yenye wanafunzi mia tano, ikifanya hivyo kwa likizo moja, itakuwa na hazina ambayo Tracey angeionea wivu. Kutoka katika hazina hiyo, mwenye kompyuta na achukue.

La tatu lahusu haki. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi. Sheria zipo. Kinachokosekana ni mazoea. Vijana wafundishwe tangu shuleni kwamba sauti ya mzee ni mali, kama ng'ombe alivyo mali. Asiyeomba ni mwizi, hata kama ameiba kwa simu. Wakijua kuomba, watajua pia kudai watakapokuja wakubwa wa ng'ambo na mikataba yao.

Sasa twamrudia kijana wetu na swali lake.

Kijana, ulituuliza jembe lilianza kuwa la asili mwaka gani. Majembe ya kale ya Usukuma mengi yalifuliwa na Warongo, wahunzi wa nchi ya Uzinza ng'ambo ya ghuba, yakaja kwetu kwa biashara. Baadaye yalikuja majembe ya viwanda vya Ulaya kwa meli. Kisha taifa likajenga kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo kwa msaada wa Wachina, na majembe ya huko yakafika hadi Misungwi. Kila moja kati ya majembe hayo lilikuwa geni siku lilipofika. Bibi zako hawakuliuliza lilitoka wapi. Walilima nalo mchana kutwa, na kwa kuwa kazi ilikuwa ngumu wakaliimbia, na kwa kuwa waliliimbia wakalirusha juu na kulidaka. Tangu siku hiyo likawa la asili.

Kompyuta yako kuukuu nayo, tangu siku uliyoifundisha mlio wa jembe la bibi, imeanza safari hiyo. Tulikunyima alama ambazo zilikuwa zako. Hatuwezi kuzirudisha sasa, lakini twaweza kuandika hapa, katika kitabu ambacho walimu wenzetu watakisoma, kwamba siku ile uwanjani waliokosea tulikuwa sisi.